Mama Alipojipulizia Marashi ya Waridi

Chupa moja ya marashi imevuruga boma letu leo, na nimefurahi sana!

Nimetoka Kitale asubuhi kumletea mama marashi ya waridi hapa nyumbani Bokoli. Mama yangu ni mkali, hata jogoo humpisha njia.

"Ati maua? Kwani mimi ni bibi harusi?"

Lakini akajipulizia shingoni. Mara mbili.

Baba akarudi kutoka shambani, akasimama mlangoni akinusa.

"Tuko na mgeni?"

"Ni mimi, bana," mama akasema.

Mzee akaenda kuoga, saa sita mchana, akatoka na suti ya Jumapili.

"Mama Nekesa, twende tukunywe soda Webuye."

Mama akacheka kama msichana! Sijawahi kumsikia hivyo.

Wameenda wameshikana mikono. Mimi Nekesa nimeachiwa ng'ombe wa kukamua.

Si mniambie, wazazi wenu pia wako hivi?