Sakafu Niliyoifagia Ijumaa

Harufu ya nta ya sakafu ikinigonga pua, hata iwe ndani ya benki, mimi hurudi kuwa na miaka tisa. Koti la sufu limeloa theluji mgongoni, nami nimesimama katika jumba la sanaa jijini Washington nikiwatazama Waholanzi wa kale wakifanya kazi za nyumbani. Kuingia kulikuwa bure, joto lilikuwa bure, na kila Jumamosi Mama alimpeleka pale Bi Dorothy, ajuza wa mtaa wa Shaw aliyekuwa akimtunza. Mama alisukuma kiti cha magurudumu. Mimi nilibeba mkoba wa dawa, mzito kuliko gunia la mahindi. Vyumba vya malaika na wafalme tulivipita mbio, maana Bi Dorothy alitaka chumba kimoja tu, chenye picha ndogo zisizo na vita wala taji. Mwanamke anamenya tufaha. Mwingine anamtafuta mtoto chawa. Msichana ameshika ufagio, na mwanga wa dirishani umelala juu ya vigae kama paka aliyeshiba. "Ati nini?" Mama alishangaa siku ya kwanza. "Mtu anafagia tu, anawekewa fremu ya dhahabu! Mimi nimefagia tangu nizaliwe, nani amenichora?" Alicheka mpaka mlinzi akatukoholea. Bi Dorothy, mwalimu mstaafu, alinieleza kwamba kwa watu wale nyumba iliyofagiwa ilimaanisha moyo uliotulia, na mama mwenye ufagio mkononi alikuwa ameishinda huzuni. Somo hilo nililimeza lote bila kutafuna.

Majira hayo hayo ya baridi, Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, akafariki kijijini, nje kidogo ya Kakamega. Mimi nilimjua kwa simu tu, sauti iliyokohoa kwanza ndipo ikanisalimu. Mama alikuwa kifungua mimba wake, na ndiye aliyepaswa kutupa udongo wa kwanza kaburini. Lakini karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado mikononi mwa serikali, na akitoka Marekani asingeruhusiwa kurudi kwangu. Basi akabaki. Fleti yetu ya Lanham, pembeni mwa Washington, ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya jikoni sufuria za jirani zinaitikia, ikajaa waombolezaji. Walikuja moja kwa moja kutoka zamu za hospitali, viatu vimeshika theluji na chumvi ya barabarani. Wakaimba, wakanywa chai, wakamwaga makombo ya mandazi. Hakuna aliyefagia. Siku ya tano jikoni mwetu ungeweza kupanda maharagwe na kuvuna. Mama alikuwa ameuficha ufagio nyuma ya friji, na wageni wakiondoka aliketi akiitazama sakafu ile kama mtu anayesoma barua. Hakunieleza kitu. Kwao mtoto haelezwi mambo hayo. Huyaona nyumba kwa nyumba mpaka akakua nayo. Mimi nyumba nilizokuwa nimeziona ni za Waholanzi.

Ijumaa, mazishi yakiwa kesho yake, Mama alikwenda kazini, nami baada ya shule nikawa ghorofa ya chini kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani. Nikamdanganya kwamba nimesahau daftari, nikapanda na ufunguo. Nilifagia kwa ari ya jeshi zima. Nikapiga deki mara tatu, nikaweka jagi karibu na dirisha, mkate ubavuni mwake, na kiti nikakigeuza kielekee kwenye mwanga. Takataka, mfuko mzima, nikazishusha kwenye pipa la uani. Gari la taka likaja likazibeba huku nikilipungia mkono. Kisha nikaketi kumsubiri Mama arudi apone.

Alisimama mlangoni, ufunguo bado umo katika kitasa.

"Nani amefagia?"

"Mimi!" Tabasamu langu lilikuwa limefika masikioni.

"Uchafu uko wapi?"

"Gari limechukua."

Akaketi chini na koti lake, pale pale palipong'aa. "Kwetu nyumba ya msiba haifagiwi mpaka mtu azikwe," alisema polepole. "Ukifagia, unamfukuza. Dada zangu wana jeneza, wana kaburi, wana ng'ombe wa kuchinja. Mimi nilikuwa na uchafu huu tu. Hayo ndiyo yalikuwa matanga yangu." Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Mama Furaha akapanda kunitafuta. Alitazama sakafu, akatutazama sisi, akaelewa kabla ya kuambiwa. Akashuka, akarudi na kizoleo kimejaa vumbi la nyumbani kwake. "Dada, tumwange hii ya kwangu. Mutoto hakujua, pardon." Mama nusura acheke. "Asante, Mama Furaha. Lakini hilo halikukanyagwa na waliokuja kulia na mimi." Maji yakimwagika hayazoleki, na siku ile nilijifunza kwamba hata vumbi ni hivyo.

Jumamosi asubuhi simu ililia: Kukhu amefunikwa. Mama akachukua ufagio, kwa kuwa baada ya mazishi nyumba lazima ifagiwe, akaifagia sakafu safi kutoka dirishani hadi mlangoni, bila kuruka hata pembe moja. Akakiinamisha kizoleo juu ya pipa, akakikung'uta. Hakikutoa kitu.

Siku hizi mambo ni mepesi kama pamba. Mazishi ya Kakamega tunayatazama kwenye simu tukiwa foleni ya dukani, na Mama, mwenye pasipoti yake, husafiri hata kwa matanga ya jirani wa binamu. Wanangu, wanaonijibu kwa Kiingereza hata nikiwagombeza kwa Kiluhya, nimewaeleza kila mwiko, pamoja na miwili mitatu niliyoitunga mwenyewe ili wapunguze kelele. Wanajua mengi kuliko nilivyojua mimi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa nikiwa na miaka tisa. Mwaka jana nilijikaza, nikamwambia Mama kwamba sijaacha kuijutia Ijumaa ile. Alikuwa akikunja nguo. "Ulikuwa mtoto," alisema. Nikasubiri aongeze neno. Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja upya, kisha akaniuliza kama watoto wamerudi kutoka shule.