Nilivyojivunia Riwaya Nisiyoweza Kuisoma

Mimi ni mlinzi wa jengo moja hapa mtaa wa Al Sadd, ughaibuni, na si mtu wa maneno mengi. Ghorofa ya tatu anaishi mama mmoja anayeandika riwaya kwa Kiarabu. Juzi alinipa kitabu chake kipya, kimewekwa kikaratasi katikati. "Umo humo, Katana," akaniambia.

Furaha ilinipumbaza. Mkataba wangu unakaribia kwisha, na supavaiza wetu, Wafula, ndiye anayeamua nani abaki. Kwa hiyo Ijumaa alipokuja kukagua vyumba tunamolala walinzi, nilikitoa kitabu mbele ya wote.

"Bosi, nimeandikwa kwenye riwaya."

"Wewe? Wewe ambaye hata salamu unaitikia kwa kichwa?"

Wenzangu wakacheka. Bakari wa Lamu, aliyesoma madrasa, akafungua penye kikaratasi na kututafsiria polepole. "Mlinzi ni kijana mpole, mwenye macho ya aibu."

"Endelea," nikasema, kifua mbele.

Bakari akapitisha macho kwenye mistari iliyofuata, kisha akanitazama. "Kaka, tuishie hapo."

"Soma yote," Wafula akaamuru.

Bakari akaendelea kutafsiri.

"Kila alasiri mlinzi hulala fofofo stoo. Mwandishi humwonea huruma, hukaa kwenye kiti cha mlinzi na kuwafungulia wageni mlango mpaka aamke."

Wafula akakichukua kitabu, akakifunga.

"Katana, nilishapendekeza ubaki," akasema, "kwa sababu wageni wa alasiri wanasifu sana mapokezi yako."