Mtetezi wa Keaton Marsh

Verlin Stuckey alikaa kiti cha nne, mimi cha tano, na kwa miaka miwili na ushei hatukuwahi kukubaliana jambo lolote kuhusu mpira wa kikapu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulipimwa uzito kama ndama mnadani, tukadungwa sindano mbili nene mkononi, na damu yetu ikaanza kuzunguka kwenye mashine ya kuisafisha. Saa nne nzima. Huinuki, huukunji ule mkono, na habari ya kiu usiniulize. Figo zikishakukataa, mashine ndiyo bosi wako.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ujue kwa nini watu wazima wenye akili zao walimaliza asubuhi nzima wakimjadili kijana wa miaka ishirini na moja ambaye hawajawahi hata kumpa mkono.

Kijana mwenyewe ni Keaton Marsh, mfungaji wa mbali wa timu ya chuo chetu. Mkono wake una siku zake. Leo anatia mitupo saba ya pointi tatu mpaka kocha wa wapinzani anavua koti. Jumamosi inayofuata anarusha kumi na moja, hatii hata mmoja, na mpira unakwenda kumgonga mpiga tarumbeta wa bendi. Mwaka wa kwanza tulisema ni mgeni. Wa pili tukasema ni kifundo cha mguu. Sasa yuko mwaka wa tatu na visingizio vimetuishia, na hapa Indiana mtu anayekosa vikapu hasamehewi hata kanisani.

Kiti cha sita alikaa Rodney Pugh, aliyekuwa dereva wa malori kabla sukari haijamshusha. Yeye alikuwa na kazi ya kutusomea kwenye simu yale mashabiki waliyoandika.

"Msikilizeni huyu," alisema siku moja. "'Bibi yangu ana nyonga ya chuma na bado angemshinda Marsh.'"

"Huyo bibi asajiliwe kesho," nikasema.

"Na huyu: 'Miaka mitatu tunaambiwa kijana anakua. Mahindi yangu yanakua kwa miezi mitatu.'"

Tukacheka mpaka mashine yangu ikalia, maana nilikuwa nimetikisa mkono. Nesi Shawna akaja kunitazama kwa jicho lile la walimu. Verlin hakucheka. Alisubiri tumalize, kama kawaida yake, halafu akasema, "Miguu."

"Haya, kaanza," Rodney akasema.

"Nyie mnatazama mpira. Tazameni miguu. Wa kushoto unachelewa kutua. Ukiwahi, mpira unaingia. Ukichelewa, ndiyo mnaona vituko. Novemba ulichelewa mara sita katika kila kumi. Sasa ni nne. Mpeni mwaka mmoja."

"Hata mwaka jana ulisema mwaka mmoja," nikamwambia.

"Na bado nasema."

"Huo mwaka wako hauna Desemba, mzee?" nikamuuliza.

Usidhani alibahatisha tu. Kwa miaka thelathini na minane Verlin alitandika na kupiga msasa sakafu za mbao za viwanja vya shule katika wilaya tatu. Maisha yake yote aliyapitisha amepiga magoti, na magoti ndiyo yaliyokwisha kwanza, kabla ya figo. Alituambia kwamba ukiinama karibu na sakafu kongwe utaona mahali pamelika, pembeni kabisa, ukubwa wa viatu viwili. Hapo alisimama mtoto fulani akirusha peke yake wenzake wakiwa wameshakwenda nyumbani. Yeye hapo alipunguza msasa. Mkewe, Darlene, alikuwa akimwambia kwamba analipwa kusawazisha sakafu, si kuihurumia. Darlene alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na binti yao wa pekee, Renee, aliishi Arizona.

Jambo jingine la kujua: jina langu mimi limo kwenye foleni ya kupata figo. La Verlin halikuwemo. Moyo wake usingevumilia upasuaji, madaktari walishamwambia mapema. Kwake yeye hakukuwa na mlango mwingine zaidi ya kile kiti, na katika miaka yote ile sikumsikia akilalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yetu sote.

Mwezi wa Februari, Jumatatu moja, daktari alikuja akavuta pazia kuzunguka kiti cha nne, na ndani yake niliona viatu vya mwanamke nisivyovijua. Alikuwa Renee. Nikajiambia kwamba mtoto amekuja kumsalimu baba yake, kuna ubaya gani.

Keshokutwa yake, Jumatano, runinga ilirudia mechi ya Jumanne. Keaton Marsh alikuwa ametia minane ya pointi tatu. Minane! Hata Rodney alishindwa kupata la kusoma.

"Haya, mzee, leo ni sikukuu yako," akamwambia Verlin. "Tutambie."

Verlin alitazama kidogo, kisha akageuzia macho dirishani, kwenye maegesho ya magari. "Alivyo ndivyo alivyo," akasema. "Hatabadilika huyo."

"Na miguu?" nikamuuliza.

"Miguu ni ile ile."

Nilisikia baridi, na si ile baridi ya mashine ambayo tumeizoea. Mtu huyu alimtetea kijana siku aliyompiga mpiga tarumbeta. Alimtetea siku aliyotia kikapu kwenye goli letu wenyewe. Leo, baada ya minane, amemwacha. Nikakumbuka pazia, nikakumbuka vile viatu, na nikaelewa kwamba Verlin hakuwa na mwaka mwingine wa kumpa mtu yeyote.

Nifanye nini? Huwezi kumshika mtu mkono ukiwa umefungwa kwenye mashine mita mbili kutoka kwake, Rodney akiwa amekodoa macho. Nikafanya nilichokiweza. Alhamisi timu ilicheza tena, nami nikakaa sakafuni sebuleni kwangu, pua karibu na kioo cha runinga, karatasi mkononi, nikihesabu miguu. Mimi, Nadine Krieger, niliyewahi kusema hadharani kwamba mtoto huyo arudishwe kwao na stakabadhi yake.

Ijumaa nilifika nikiwa tayari. "Saba katika kumi," nikatangaza kabla hata sindano haijaingia. "Mguu umewahi mara saba. Kijana anakua, nyie hamuoni tu. Mwakani huyu atakuwa mtu mwingine kabisa."

"Dada, umekunywa nini?" Rodney akauliza.

"Nyamaza, Rodney."

Verlin akanigeukia. "Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Mimi nilisema wa kushoto."

"Yote miwili, basi! Yote inawahi!"

Alicheka. Alicheka kweli, mpaka akakohoa, na mimi nikafurahi kama mjinga, nikidhani nimeshinda. Halafu akatulia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nadine, unamtetea nani hapa?"

Nikajifanya natazama runinga.

"Nimeongea na daktari," akasema. "Leo ndiyo ya mwisho; mashine naacha. Bila hiyo ni wiki moja, mbili hivi. Renee anajua, atakaa nami nyumbani."

"Msimu haujaisha," nikamwambia. Ndilo neno la kwanza lililonijia, na sioni haya.

"Najua."

"Subiri mashindano ya Machi, basi. Ni wiki tatu tu hizo."

"Machi ikiisha utasema msimu mpya."

Ni kweli, ningesema. Ningesema msimu mpya, halafu Krismasi, halafu Machi nyingine.

"Unaumwa sana?" nikamuuliza.

"Siumwi sana. Nimechoka kurudi, basi. Kila nikitoka hapa najua keshokutwa narudi. Hata ndotoni nipo kwenye mzani."

Mashine yake ilimaliza kabla ya yangu. Mimi nilikuwa nimebakiza dakika hamsini. Wakamchomoa, akabonyeza pamba mkononi mpaka damu ikakata, akavaa koti lake taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili. Nikataka kuinuka. Nesi Shawna akaniwekea mkono begani. "Mama, tulia, sindano zitachomoka."

"Zichomoke!"

"Mama Krieger, tafadhali."

Nikabaki nimekaa. Sijawahi kukichukia kitu maishani mwangu kama nilivyokichukia kile kiti. "Verlin!" nikampigia kelele. "Usiniletee mchezo! Jumatatu uje!" Aliinua mkono bila kugeuka, mlango ukajifunga nyuma yake. Nililia mbele ya Rodney Pugh, na Rodney akaiweka simu yake mfukoni.

Jumamosi na Jumapili sikutoka nyumbani. Nilikaa jikoni nikiwaza jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliwaza kwa uwazi: kwamba na mimi naweza kuacha. Hakuna sheria inayonipeleka pale. Ni kumwambia daktari tu. Wazo lile lilikaa nami mezani mchana kutwa, na niseme ukweli, halikunitisha. Lilikuwa tamu.

Jumatatu nilikwenda kwa mazoea tu. Kiti cha nne kilikuwa tayari kimepewa mama mmoja mpole aliyekuwa akifuma soksi. Nilipokwisha kufungwa kwenye mashine, mlango ukafunguka na Verlin akaingia. Hakwenda kwenye mzani. Alivuta kiti cha plastiki cha wageni, akakiweka karibu na changu, akaketi na koti lake, mikono yote miwili huru. Akafungua karatasi. Ndani mlikuwa na mkate wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, pana kupita mkate wenyewe, na vipande vinene vya nyanya, na pembeni bilauri kubwa ya chai ya barafu. Vyote hivyo sisi watu wa figo tumekatazwa.

"Unanuka nyanya," nikamwambia.

"Tamu ajabu," akasema, akiwa bado anatafuna. Uso wake ulikuwa umeanza kuvimba chini ya macho.

Runinga ilikuwa ikirudia mechi ya Jumamosi. Keaton Marsh alirusha mitupo tisa, ikatoka nje yote tisa. Rodney alitazama dari, mtu mzima na heshima zake.

"Haya, mtetee," Verlin akaniambia.

"Siwezi."

"Ijumaa uliweza."

"Wewe mwenyewe ulisema hatabadilika."

"Pale nilikuwa najisema mimi," akajibu. "Mtoto wa watu sikumtendea haki. Bado anakua yule. Mtetee, nisikie."

Nikajaribu. Nikasema ana miaka ishirini na moja, nikasema kocha anambadilisha nafasi kila wiki, nikasema mguu. Verlin akaweka mkate magotini, akanikaribia.

"Nadine. Nimekuja kwa jambo moja. Niahidi hutanifuata."

"Kukufuata wapi?"

"Usinifanye mtoto. Ijumaa niliona ulivyonitazama nikivaa koti. Jina lako limo kwenye foleni. Langu halikuwemo. Hatuko sawa mimi na wewe."

Hasira zilizonipanda hapo, kama nisingekuwa na sindano ningempiga. "Yaani wewe unatoka, halafu unanifungia mlango mimi nibaki ndani?"

"Ndiyo," akasema. "Nimekuja kuufunga."

Hakuomba radhi, wala hakulainisha maneno. Alikaa akinisubiri, na saa ya ukutani ikaendelea, na damu yangu ikaendelea kutoka na kurudi. Ningeweza kudanganya. Kumdanganya Verlin nilikwishajaribu Ijumaa, akanikamata kwa swali moja.

"Naahidi," nikasema. "Mshenzi wewe, naahidi."

Akanishika ule mkono usio na sindano, akakaa hivyo mpaka nilipochomolewa. Jumatano hakuja. Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, Renee alinipigia simu.

Ijumaa yake kengele iliniamsha saa kumi na moja alfajiri, nikabaki nimelala natazama dari kwa muda mrefu. Hakuna aliyekuwa akinilazimisha. Angekuwa hai ningempigia simu nimtukane. Nikaamka, nikavaa, nikaendesha gari mpaka kule, nikapanda mzani, nikakaa kiti cha tano na kuutoa mkono.