Baba Alipoanza Kuuma Bisibisi

Ngo, ngo, ngo. Mlio mzito, wa chini, kama mtu anabisha hodi na wala hana haraka. Nilikuwa nasukuma chapati kwenye kibanda changu kando ya gereji ya baba, hapa Mikumi. Pikapu moja iliyotoka Kidete na magunia ya mahindi ilikuwa imefunguliwa boneti, injini inanguruma, na mlio ulikuwa unatoka humo.

Mimi sijasomea magari. Niliishia kidato cha nne, na matokeo yenyewe tuyaache. Lakini nimekulia gereji, na baba alikuwa anapenda kuwafundisha wateja kwa sauti kubwa, kwa hiyo na mimi nilipata humo humo. Mkanda wa feni ukipiga kelele asubuhi, umelegea au umechakaa. Gari dogo likikata kona likasema ka-ka-ka, jointi ya gurudumu imekwisha. Beringi ya gurudumu inavuma kama nyuki, ukiongeza mwendo na yenyewe inaongeza. Noah nyingi zilizofika kwetu zinachemsha zilikuwa zimejazwa maji ya mtoni kwenye rejeta, kutu imeziba njia. Malori yanayoshuka milima ya Iringa yalifika breki zinanuka, dereva ameshuka kwa kukanyaga tu, gia hataki kupunguza.

Ila ngo, ngo, ngo ya chini ndiyo aliyoiogopa. "Hizo ni beringi za ndani ya injini," alikuwa anasema. "Ukiisikia, zima hapo hapo. Usiseme ngoja nifike nyumbani."

Alikuwa na bisibisi moja ndefu, ya mpini wa njano. Ncha anaiweka kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho. Siku ile aliuweka sikio la kulia, akahamishia la kushoto. Halafu akauingiza mpini mdomoni, akauuma, kama vile meno ndiyo yatakayosikia.

"Mzee, leo unakula gari?" dereva wa pikapu akamtania. "Si usubiri chapati za binti!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini alichelewa. Alicheka baada ya kuona wenzake wanacheka. Nilikumbuka redio aliyokuwa anaifungulia hadi mwisho, na simu za mama kutoka Kilosa alizokuwa ananipa mimi eti mtandao mbaya.

Akafunga boneti. "Iko sawa, nenda."

Ningeropoka mbele za watu, angekwisha. Nani atampelekea gari fundi asiyesikia? Ningenyamaza, pikapu ingekufa njiani. Nikamimina chai, nikampelekea. Nilipomkabidhi kikombe nikamshika mkono, nikamgonga kwa kidole juu ya kifundo: ngo, ngo, ngo. Polepole, kama ilivyokuwa inalia.

Akanitazama. Macho yakamlowa, au labda ni mvuke wa chai.

"Zima kwanza," akamwambia dereva. "Nimebadili mawazo."

Tangu hapo kila gari lilikuwa na kikombe chake cha chai. Ka-ka-ka nilimgonga haraka haraka kwa kucha. Ya kuvuma nilimsugua kiganja. Tulifanya kazi hivyo masika nzima, na hatukuzungumza hata siku moja kwamba tunafanya nini. Wateja wakawa wanasema, "Huyu mzee kwa chai hana mpinzani Mikumi yote." Mimi nilikuwa nafurahi, nisiseme uongo. Nilishaanza kuiona gereji yetu ina bati jipya na kibao, Fundi na Binti, herufi nyekundu.

Halafu ikaja siku ya lile lori. Lilikuwa linarudi nyuma kuingia kivulini, honi inalia, na baba ameinama kwenye gurudumu la gari jingine, ameligeuzia lori mgongo. Nilipiga yowe. Aliyemwokoa ni muuza mahindi ya kuchoma, alimvuta shati.

Dereva akaruka chini kwa hasira. "We mzee! Unataka nifungwe? Honi yote hiyo husikii?"

Baba akajifuta vumbi, akanigeukia mbele ya wote. "Amesema nini?"

Sijui lilitoka wapi, lakini nilimsogelea sikioni nikasema kwa nguvu, "Amekuamkia, baba. Amesema shikamoo."

Baba akamgeukia yule kijana. "Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri, mzee," dereva akasema, kichwa chini. Hakucheka mtu. Na hapo ndipo baba alipojua kwamba wote wamejua, kwa sababu fundi wa Mikumi hakai bila kutaniwa, na safari hii hakuna aliyemtania.

Jioni alisafisha spana zake kwa dizeli, moja moja. "Masikio yamekwisha, mama," aliniambia. Ananiita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Asubuhi akapanda basi kurudi Kilosa. Sasa analima mpunga na mama kijijini Tindiga, huko huko Kilosa. Nikienda kumwona ananiuliza magari yanasemaje, nami namgongea mkononi yale ya wiki hiyo, anacheka mpaka anakohoa.

Kwenye gereji yuko fundi mwingine. Hanywi chai.

Bisibisi baba aliniachia mimi. Juzi, Fuso moja iliachwa inanguruma, kichwa kimeinuliwa, dereva na fundi wamevuka barabara kwenda kula. Nikaichukua bisibisi kibandani, nikaipanguza kwa khanga. Kwenye ule mpini wa njano meno ya baba yameacha mashimo madogo. Nikaweka ncha kwenye injini, nikaziba masikio yangu kwa vidole, nikauma palepale alipokuwa anauma yeye, nikafumba macho.