Tumbo la Mkwe Sikulipima

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mizani kabla sijaonyeshwa kiti. Ilikuwa zahanati ya Piyaya, nami nilikuwa muuguzi mpya kutoka Buger, viatu vyangu vyeupe vimeshakuwa rangi ya vumbi. Tabibu aliyeisimamia zahanati ile, mzee mkali asiyejua kucheka, alinionyesha foleni ya wagonjwa nje akasema, "Binti, hapa kila mtu anapanda mizani. Bila uzito utagawa dawa kama pipi."

Tabibu huyo ndiye aliyenifundisha jambo ambalo chuoni walilipitia juujuu. Kilo peke yake haisemi ukweli wote. Mwili una mafuta na una misuli, na mizani haijui kuvitofautisha. Kwa hiyo tulizungusha futi kamba kwenye mkono, juu ya kiwiko, tujue mtu ana misuli kiasi gani, kisha kiunoni, usawa wa kitovu, tujue mafuta yaliyojificha tumboni. Wazee wa Kimaasai walinitania sana. "Yeyo," mmoja aliniambia, kwa neno lao la kumheshimu mama, "unataka kunishonea suruali?" Nilimpima huku nacheka. Hakuna niliyemwonea haya miaka ile.

Baadaye nilihamishiwa hospitali moja upande wa Karatu, wodi ya wanaume, chini ya Metroni aliyependa shuka zilizonyooka kuliko alivyowapenda wauguzi. Nilikuwa huko ilipofika miaka ya barakoa. Ninyi mnaoanza kazi leo mmeisoma darasani. Sisi tuliisikia ikikohoa.

Niliona jambo, nikaanza kuliandika kwenye daftari langu. Wenye matumbo makubwa walikuwa wakiingia kwa miguu yao, wanaongea, halafu hali inageuka ghafla. Tumbo linayabana mapafu mtu akilala chali, na mafuta yale ya ndani yanauchochea ugonjwa. Wazee waliokwisha misuli nao hawakuwa na nguvu hata ya kukohoa. Lakini Karatu, mji wa hoteli na madereva wa watalii, tumbo ni heshima. Mtu akinenepa tunamsifu kwamba ana afya. Basi vitanda vizuri, vya karibu na wauguzi, vilikwenda kwa waliokonda tu, na wanene wakaambiwa wasubiri.

Nilimpelekea daftari Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali. Alilifunua kurasa mbili, akalisukuma.

"Sista, hapa ni hospitali, siyo kwa fundi cherehani."

Nilirudi kwake mara tatu. Metroni alikuwepo mara zote, akitazama kucha zake. Mara ya tatu Mganga Mfawidhi alichoka nami. "Haya, pima. Ila likiharibika, ni lako."

Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi. Mwenye kiuno kikubwa au mkono uliokwisha misuli alilazwa karibu na meza ya wauguzi, penye mashine yetu pekee ya oksijeni, na kila saa tulimbana kidole kwa kile kifaa kinachosoma oksijeni ya damu. Wengine walilazwa mwisho wa wodi, wakaangaliwa asubuhi na jioni. Sitajisifu, lakini kuna waliokwenda nyumbani kwa sababu ya futi kamba ile.

Kisha akaja mkwe wangu, Baba Neema, baba wa mke wa mwanangu Emanuel. Alikuwa dereva, amewashusha watalii kreta miaka mingi, na kiti cha gari kilikuwa kimemjaza tumbo na kumwachia miguu myembamba. Aliingia mwenyewe, koti limefungwa vifungo vyote, anakohoa na kucheka.

"Mama Emanuel! Leo ndiyo unanipima mimi?"

"Ndiyo kazi, mkwe."

"Andika tu kwamba mimi mzima. Tusiaibishane."

Kwetu kwa Wairaqw, nilikolelewa, mkwe haguswi ovyo. Nikimzungushia mikono kiunoni, nitakaa naye vipi meza moja siku ya ubarikio wa mjukuu? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza. Muuguzi wa kiume alikuwa chumba cha pili, ningeita tu angekuja. Sikuita. Niliandika namba ya kubuni, namba ya adabu, kiuno cha mtu wa wastani. Namba ile ikampeleka kitanda cha mwisho, kando ya dirisha.

Kesho yake asubuhi kidole chake kilisoma vizuri. Mchana hakuna aliyemwangalia, maana hakuwa kwenye orodha ya kila saa. Jioni muuguzi wa zamu alinikimbilia. Midomo ya mkwe ilikuwa imebadilika rangi, na mashine ilikuwa kwa mgonjwa mwingine. Tulihangaika kuivuta huku na huku. Alikufa tukiwa bado tunavuta.

Mganga Mfawidhi alilifungua faili lake mbele ya wauguzi wote.

"Mnaona? Kiuno cha kawaida, na amekufa. Hii futi kamba ni mchezo. Kuanzia leo basi."

Neno moja tu kutoka kwangu lingeuokoa utaratibu ule. Nilitakiwa kusema kwamba namba ile niliibuni. Nilitazama sakafu. Wiki zilizofuata wanene walirudi kusubiri kama zamani, na baadhi yao niliwafunika shuka kwa mikono yangu hii. Nilimchukia Mganga Mfawidhi kwa kiburi chake, na ninamchukia hadi leo, lakini kiburi chake nilikipa silaha mimi.

Nimestaafu sasa. Niliagwa kwa keki na hotuba, wakanisifu kwa uaminifu, nikapiga makofi pamoja nao. Nasikia vijana mnapima viuno siku hizi, na kwamba mmeambiwa ni elimu mpya. Pimeni. Mpimeni mkwe, mchungaji na diwani. Anayekuonea haya akiwa hai atakusamehe, na asiyeweza atakununia tu.

Naishi kwa Emanuel. Mkewe Neema ndiye anayenipikia, maana magoti yangu yamechoka. Wageni wakija huwaambia, "Mimi kuhusu baba nina amani. Mama mwenyewe ndiye aliyempima, kwa mikono yake."

Halafu ananiongezea makande, nami nasema asante mwanangu.