Majani ya ziwani kwenye matuta ya Rwambuzi

Ni asubuhi sokoni Bunia, na lori la samaki kutoka Kasenyi, kando ya ziwa, linateremsha mizigo. Wanunuzi wanagombea samaki wakubwa. Émilienne Lotsove anangoja wamalize, kisha anainama kukusanya kinachotupwa: majani mabichi ya ziwani ambayo wachuuzi huwafunikia samaki ili joto lisiwaharibu njiani.

"Mama wa takataka amefika," anatania Débora, mchuuzi.

"Na weye bila miye ungefagia mwenyewe," anajibu Émilienne, akishindilia majani guniani.

Émilienne, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alikimbilia Bunia kutoka Djugu wakati wa mapigano. Analima mboga kwenye kiwanja cha kuazima katika mtaa wa Rwambuzi. Nyumbani kwao alirutubisha shamba kwa samadi ya ng'ombe. Ng'ombe hao waliibwa. Utulivu umerejea kwa kiasi, mifugo bado.

"Udongo ya hapa ilikuwa imechoka," anasema. "Siku moja niliona majani ya ziwa imeoza nyuma ya soko, chini yake udongo iko mweusi. Nikasema, nijaribu."

Mwanzoni lengalenga, yaani mchicha, zilistawi. Msimu uliopita zikaungua kingo, kisha zikafa. Bila kujua, Émilienne alikuwa amebeba pia majani yaliyofunika makayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Chumvi hiyo aliitandaza juu ya miche yake mwenyewe.

Muzee Hippolyte, mwenye kiwanja, alimpa msimu mmoja zaidi. Ukishindikana, alisema, atapanda mikaratusi.

Tangu hapo Émilienne huonja kila mzigo. Anachuna jani, analigusa kwa ulimi, anatema. Yenye chumvi huyaacha palepale. Mengine huyaosha, huyarundika pamoja na maganda ya ndizi hadi yaoze kabisa, ndipo huyafukia kwenye matuta.

"Majirani banacheka, eti huyu mama anakula majani kama mbuzi," anasema. "Bacheke tu."

Siku tuliyomtembelea ndiyo siku ambayo Hippolyte aliahidi kuja kukagua. Anapita kati ya matuta ya lengalenga. Anachomeka fimbo yake ardhini, nayo inazama bila kulazimishwa. Anainama, anafikicha donge la udongo, analinusa.

"Hainuke samaki tena."

"Iliisha kuoza, muzee."

"Na ile sehemu ya chini, mbona hujalima?"

"Haukunipatia."

"Lima mpaka kwenye mugomba."

"Pale iko mawe, muzee."

"Ndiyo maana nakupatia."

Émilienne anatabasamu kidogo, kisha anauliza swali alilolibeba msimu mzima. "Na miti yako?"

"Nitapanda kando ya barabara," anajibu Hippolyte, akipangusa mikono. "Weye endelea."

Baada ya mzee kuondoka, Émilienne anashuka hadi kwenye mgomba na kuanza kung'oa mawe. Hadi sasa alipanda mboga za kukomaa upesi tu, kwa sababu hakujua kama angekuwepo kuvuna nyingine. Hapa anataka kupanda vitunguu.

"Vitunguu inakawia," anasema. "Lakini sasa niko na fasi ya kuingojea."