Nilivyoombewa Sengerema

Miaka kumi na miwili iliyopita, dada yangu Zuhura alipobatizwa ili aolewe na Mkatoliki, nilisimama mlangoni kwetu Pasiansi nikamwambia, "Kuanzia leo nihesabu nimekufa." Baba alikuwa ameshafariki, mimi ndiye mkubwa, na nilijiona nimesema jambo la kiume. Juzi mteja mmoja alikuja kuchukua gauni jeupe nililomshonea bintiye kwa ajili ya Komunio ya kwanza. Akataja kwamba kule Sengerema kuna mama mwenzake aliyetokea huku kwetu, zamani akiitwa Zuhura, na binti yake atapokea siku hiyo hiyo. Sikujua hata kama dada yangu ana mtoto. Niliamua kwenda kumwomba radhi, bila kutuma salamu, maana niliogopa angenijibu nisije.

Jumapili asubuhi nilivuka kwa kivuko cha Kamanga. Nilisimama kando ya lori la vitunguu nikijikaririsha maneno. Tulipoondoka Mwanza nilikuwa na hotuba nzima. Tulipofika ng'ambo nilibakiwa na "nisamehe" tu.

Saa tatu na nusu nilikuwa mlangoni mwa kanisa. Sikuwa nimewahi kuingia kanisani maishani mwangu. Nikavua viatu, nikaweka sawa kofia yangu, nikakaa benchi la nyuma. Mama mmoja mzee pembeni yangu alinitazama akazuia kicheko.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, baba. Vaa viatu, vua kofia. Hapa kwetu ni kinyume."

Nikaitia kofia mfukoni. Tangu hapo nikawa nafuatisha kila alichofanya yeye: akisimama nasimama, akiitikia naitikia. Watoto waliingia kwa maandamano, wasichana na mataji ya maua, nikahangaika kukisia yupi ni wetu. Zuhura nilimwona benchi la mbele. Amenenepa.

Zilipofika sala za kuombea watu, msomaji akataja wagonjwa, akataja wasafiri, kisha akasema, "Tumwombee marehemu Hamisi, kaka wa mama Veronika."

Akina Hamisi kama mimi ni wengi, nikajisemea. Lakini yule mama alikuwa anafuta machozi. Akaninong'oneza, "Ni kaka wa Veronika, mke wa mwanangu. Alikuwa fundi cherehani Pasiansi, kafa ghafla, bado kijana. Mwenyewe hapendi kumtaja. Ila mimi nikasema, mjukuu wangu hatapokea Komunio mjomba wake kasahaulika."

Kanisa zima likaitikia. Na mimi, kwa mazoea ya kufuatisha, nikaitikia pamoja nao. Kuwa marehemu si kazi ngumu, unaitikia tu na wenzako.

Ibada ilipokwisha, yule mama alinishika mkono. "Mgeni haondoki na njaa," akasema, akanipeleka kwake. Chini ya turubai, Zuhura ndiye aliyekuwa akinawisha wageni. Aliponifikia aliinua macho, akaendelea kumimina mpaka maji yakanilowanisha shati.

"Karibu, mgeni," akasema.

Pilau ya nyama ilipoletwa akaizuia. "Huyu mleteeni samaki." Amekumbuka kwamba sili nyama nisiyomjua mchinjaji wake! Nilifurahi kama mjinga, nikadhani nimeshasamehewa. Nikamfuata nyuma ya jiko.

"Umenizika, Zuhura?"

"Ulisema nikuhesabu umekufa. Wewe ndiye mkubwa, kaka. Nilikutii."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe siku nyingi. Lakini yule mama amekulilia miaka yote hii. Leo nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya? Na mume wangu je?"

"Mwambie nimepona."

Hakucheka. "Kula samaki wako, kaka, kisha uvuke mapema."

Binti yake akapita na gauni lake jeupe, bega moja limeshonwa vibaya. Ana paji la uso la baba yetu.

"Shikamoo, mgeni."

"Marahaba."

Hilo ndilo neno pekee nililowahi kumwambia mpwa wangu.

Saa nane nikaaga. Yule mama alinisindikiza hadi barabarani, Zuhura akitembea nyuma yetu. "Hata jina sijakuuliza, baba. Nikutaje katika sala zangu."

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa ameishika kanga yake kwa mikono miwili, macho chini.

"Hamisi," nikasema. Nilikuwa nimechoka kujificha.

Zuhura akafumba macho. Yule mama akapiga makofi kwa furaha. "Wajina wa marehemu wetu! Basi nitawaombea wote wawili kwa pamoja."

Nilikuwa na neno moja tu la kuongeza: "Ndimi." Sikuliongeza.

Jioni, kivukoni, nilivaa tena kofia yangu. Mimi ni fundi, nimefumua mishono mingi mibaya, nikadhani na neno langu litafumuliwa hivyo hivyo. Kumbe wenzangu wamekwisha kushona juu yake maisha ya nyumba nzima. Tangu wazazi wangu wafariki sijui mtu anayeniombea. Sasa yupo mmoja, kule Sengerema, ananililia kwa moyo wote, na siwezi hata kumwambia ahsante.